Mahudhurio ya Wamaza

Hidaya binti Atumani alizaliwa Kasongo, nyuma ya soko, katika nyumba yenye watu wengi na simu moja. Simu ilikuwa ya mama yake, Amisa, lakini kuiita ya Amisa ni kutaka ubishi tu. Mashangazi walipigiwa humo, majirani walipigiwa humo, na habari ikitoka Kindu simu iliwekwa katikati ya mkeka, sauti ikafunguliwa hadi mwisho, kila mtu akasogea. Msomaji alishike hilo, maana Hidaya mwenyewe alikuja kulisahau, na kusahau kwake ndiko kunakosimuliwa hapa.

Baba yake, Atumani, ni fundi cherehani wa maneno machache. Hidaya ndiye wa kwanza kwao kumaliza chuo. Alisomea kompyuta, na alipomaliza alifanya kama vijana wengi wa mji ule: alitafuta kazi, akapata stage, yaani nafasi ya mafunzo kazini. Stage ni kazi kamili, ila hakuna anayekusalimia kwa cheo. Walimpeleka kitivo cha afya, wakampa meza karibu na dirisha lisilofunga vizuri, wakamwambia kuna kozi inayotakiwa kugeuzwa iwe mseto, yaani nusu isomwe kwa simu huko huko mwanafunzi aliko, nusu ifanywe kwa mikono chuoni. Wakubwa wote wa kitivo walikuwa wamekubaliana kwamba jambo hilo ni zuri sana, na kwamba hawana nafasi ya kulifanya.

Kozi yenyewe ilihusu kumhudumia mama anayejifungua. Aliyeifundisha alikuwa Antoine, mzee mfupi wa kanisani, ambaye chuo kizima kilimwita CT kwa cheo chake cha chef de travaux, yaani mhadhiri ambaye bado si profesa. Miaka yote aliifundisha kwa imla: yeye anasoma, wanafunzi wanaandika, mkono ukichoka ni shauri lako. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa tayari wauguzi, watu wazima wenye vituo vyao vya afya huko Wamaza na sehemu nyingine za Kabambare. Kuja Kasongo kukaa darasani kulikuwa na maana ya kufunga chumba cha uzazi na kuondoka, na akina mama wa huko hawakuwa na namna ya kusubiri likizo.

Siku ya kwanza CT alimketisha Hidaya, akavua miwani.

"Sikia, binti. Hii kozi iko na kazi moja tu. Muuguzi asitoke ku maternité juu ya masomo. Ufanye yote muzuri, na hii moja ikose, haujafanya kitu."

"Nimesikia, CT," Hidaya alisema, akaandika juu kabisa ya ukurasa wake: muuguzi asitoke chumba cha uzazi kwa sababu ya masomo.

Akaifanya kazi, tena kwa moyo. Aliikata mihadhara mirefu ya CT vipande vifupi ambavyo mtu angeweza kuvisikiliza akipumzika baada ya kazi. CT aliumia roho mwanzoni. Mtu hapendi kuona kozi yake ya miaka inakatwa na msichana wa juzi. Walirekodi kwenye stoo ya vitabu, mlango umefungwa ili pikipiki za barabarani zisiingie kwenye sauti, jasho likiwatoka wote wawili. Kwa mazoea ya imla, kila alipomaliza sentensi CT alisema, "Nukta. Mustari mupya." Hidaya alimwomba aache, CT akakubali, na sentensi iliyofuata akasema tena nukta. Baadaye Hidaya alikaa kwenye kompyuta akizitoa nukta zile moja moja. Alitoa pia kikohozi, honi na jogoo wa jirani. Alitaka masomo yawe safi, na yakawa safi kweli.

Alipanga vizuri pia sehemu ya mikono. Mwisho wa masomo ya simu, wanafunzi wote wangefika Kasongo kwa siku chache tu, kwa zamu, ili kituo chochote kisibaki bila mtu, wafanye mazoezi mbele ya CT, kisha mtihani. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Masomo yalipoanza, maswali yalikuja kwa sauti. Moja lilitoka Wamaza, sauti ya mwanamke mzito wa maneno, asiye na haraka.

"Bonjour CT, bonjour dada wa stage. Ni mimi Apolline, muuguzi wa Wamaza. Niko na ulizo. Hapa kwetu iko mama moja, Aurélie, mulimaji. Mara ya mwisho kuzaa, damu ilitoka mingi, karibu tumukose. Sasa iko na mimba ingine. Nitengeneze nini mbele siku yake ifike?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na minong'ono, mtu akikohoa, mwingine akisema "muulize na ya dawa." Hidaya aliona ni kelele. Akaisafisha sauti ile mpaka akabaki Apolline peke yake, akaiweka kwenye jukwaa la masomo la mtandaoni kama mfano kwa wote, na jibu la CT likafuata: dawa ya kukaza tumbo la uzazi iwe karibu, pikipiki ya kwenda hospitali Kabambare iwe imeagizwa mapema, damu ya ndugu ipimwe. "Na la kwanza, mama Apolline," alisema CT, "wewe mwenye unamujua, mwenye mikono yako iliisha kumushika, usikuwe mbali naye. Nukta." Hidaya aliiacha nukta ile moja. Alisema ilikaa vizuri mahali pake.

Basi tufike kwenye kosa. Huko nyuma Hidaya alikuwa amekwenda Kindu kwenye semina, na huko mtaalamu mmoja mwenye maneno matamu aliwafundisha kwamba wanafunzi wa mbali hudanganya. Dawa yake ni kuliacha jukwaa liwahesabu: kila mtu afungue somo kwa jina lake na neno lake la siri, asiyefungua ahesabiwe hayupo, na akizidisha kutofungua afutwe kwenye mtihani. Hidaya alirudi na kanuni ile, akaiingiza kwenye kozi. Baraza la kitivo liliipenda kuliko kitu kingine chochote alichotengeneza. Kuna watu wakipewa njia mia za kufundisha na moja ya kufuta jina la mtu, wataishika ile moja.

Jukwaa halina macho. Linajua kidole kilichobonyeza, basi. Lilipotoa hesabu yake, Wamaza yote ilikuwa na jina moja tu lililosoma, la Dady, muuguzi kijana. Wengine wote, Apolline akiwamo, hawakuwa wamefungua hata somo moja. Hidaya aliudhika kidogo, nisimfiche. Alikumbuka lile swali, akajiambia mama yule anauliza tu lakini hasomi. Hakujiuliza kwa nini swali la Apolline lilitoka kwenye namba ya Dady. Akaandika tangazo, baraza likalipitisha, CT akatia saini bila kulitazama sana: waliotajwa wafike wenyewe kitivoni kabla ya juma kuisha, la sivyo wamefutwa.

Apolline alifika mchana, tope limekauka kwenye kitenge chake mpaka magotini, mkoba mkononi. Alikuwa umri wa Amisa. Hidaya alisimama kabla hajajua ni nani.

"Shikamoo, mama. Karibu, ukae."

"Marahaba. Ni wewe dada wa stage?" Apolline alikaa, akapumua. "Nimekuja kuonyesha uso, yangu na ya wenzangu wa vituo vya karibu. Munaandika ati sisomake. Mimi nasomaka."

"Lakini mama, hapa haujafungua hata somo moja."

"Nifungue na nini? Telefoni iko ya Dady. Yangu ni ya kupiga tu. Dady anapandaka ku kilima kwenye mutandao, anavuta somo, anarudi. Tunaweka telefoni mu bakuli ya chuma, kusudi sauti ipande. Tunakaa wote, tunasikiliza. Kifaransa ikimushinda mutu, ninamuelezea kwa Kibangubangu, tunarudilia. Ile siku niliuliza ulizo ya Aurélie tulikuwa wote pale. Haukuwasikia nyuma yangu?"

Hidaya alikuwa amewasikia. Alikuwa amewafuta kwa mkono wake, mmoja mmoja, ili sauti iwe safi. Aliona aibu. Mkeka wa nyumbani kwao ulimjia, na simu ya mama yake katikati, na yeye mwenyewe mtoto akiwa amelala kifudifudi kuisikiliza. Ungemuuliza wakati ule ni nani aliyekuwa akisikiliza, angekutajia nyumba nzima.

"Nimewakosea, mama," alisema. "Kosa ni langu."

Apolline hakumgombeza. Aliuliza tu kama ingetosha kupiga simu. Hidaya akasema ingetosha, kama tangazo lisingewataka wafike wenyewe, na aliyeandika wafike wenyewe ni yeye. Mama yule akatikisa kichwa polepole, akatazama nje kwenye mawingu.

"Na Aurélie?" Hidaya aliuliza.

"Bado. Siku yake ni mwezi wenye unakuja. Nimemuacha na Dady. Kesho asubuhi narudi."

Jioni ile ile CT aliyarudisha majina yote ya Wamaza, kwa kalamu yake, bila kuliuliza baraza. Apolline alilala kwao Hidaya. Amisa alimpikia wali na samaki wa mawese, wakazungumza mambo ya uzazi mpaka Atumani akaenda kukaa nje. Asubuhi Hidaya alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamfungia mkoba. Alijiona amelirekebisha. Mtu ukishaomba radhi na radhi ikapokelewa, unaona mambo yamekwisha, na mara nyingi huwa yamekwisha kweli.

Mvua ikanyesha. Apolline na dereva wake walikwama kwenye mto uliofunika daraja la miti, wakalala kijiji cha kando, wakangoja maji yashuke. Ndipo Aurélie aliposhikwa na uchungu, kabla ya siku yake.

Dady alipiga simu kutoka kilimani. Upepo uliingia kwenye maneno yake.

"Dada Hidaya, umuambie CT. Aurélie ametutoka. Mutoto iko muzima, mwanamuke. Nilifanya vile tulisikia mu somo, dada. Dawa nilimupa. Tulimubeba kwenda Kabambare, hatukufika. Nilijua maneno yote, lakini mikono haijazoea."

"Na mama Apolline?"

"Alifika kisha. Aurélie tulikuwa tumemukosa."

Hidaya alikaa na simu mapajani. Alihuzunika kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, ambaye alimjua kwa swali moja tu, na aliogopa, na chini ya hofu hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo halikumpa nafasi: sentensi aliyoiandika juu ya ukurasa wake siku ya kwanza. Angeweza kujiambia kwamba mvua haikuandikwa na yeye, wala mtoto kuwahi. Ni kweli. Hakuna ajuaye kama mikono ya Apolline ingetosha. Lakini Apolline alitakiwa kuwa pale, na aliyemtoa pale alikuwa Hidaya.

CT Antoine aliposikia, alivua miwani. "Saini ni yangu," alisema. "Usibebe peke yako." Hidaya alishukuru, ila mzigo haukupungua.

Nyumbani baba yake aliacha cherehani. "Utaenda matanga," alisema. "Kwa telefoni haitoshi."

Walikwenda yeye na CT, pikipiki mbili, siku nzima ya matope na kushuka kusukuma. Matanga ya Wamaza yalikuwa uani kwa mama yake Aurélie, wanawake chini, wanaume pembeni kwenye viti vya kuazima. Mama yake Aurélie alikuwa na mjukuu kifuani, amefungwa kitenge kipya ambacho bila shaka kilinunuliwa na marehemu mwenyewe. Hidaya alipiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. Akasema tu kwamba ni yeye aliyeandika tangazo lililomwita Apolline Kasongo.

Yule mama aliuliza:

"Mutoto wa nani wewe?"

"Wa Atumani, wa Kasongo. Fundi wa nguo."

"Na sasa unataka nikuambie nini?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaa."

Wanawake wakasogea, akapata nafasi kwenye mkeka. Alikaa hapo mpaka jua likageuka, hakuna aliyemwambia neno baya, hakuna aliyemwambia neno jema. Mtoto alilia, akanyamaza. Hidaya alitamani hata atukanwe, akajua kwamba hakuja kwa ajili ya kutamani.

Apolline alikuwa ukutani, mikono juu ya magoti. Hidaya alipomkaribia, machozi yalimzidi nguvu.

"Usilie hapa," Apolline alisema chini chini. "Wenye kulia ni wale pale." Kisha akainuka. "Kuja."

Alimpeleka kituoni. Kilikuwa chumba cha uzazi chenye kitanda kimoja cha chuma, pazia lililofuliwa, na nyuma yake baraza ndogo. Barazani kulikuwa na benchi, na juu ya dirisha bakuli la chuma limefunikwa kitambaa. Apolline alilifunua.

"Tunakaaka hapa. Hapa ninasikia mutu akiita ndani. Ndiyo maana nilipenda hii kozi yako. Ulisema hatutatoka." Akalifunika tena. "Rudi, utengeneze ile kitu."

Hidaya alirudi, akaitengeneza. Aliitoa kanuni ya Kindu na mzizi wake. Akaweka nyingine: kila kundi likusanyike pale linapokusanyika, mmoja aite majina kwa sauti, kila mtu aitikie kwa mdomo wake, sauti itumwe chuoni, na Hidaya mwenyewe aisikilize na kuweka alama. Vilevile mtu yeyote asiitwe tena Kasongo kabla hajaulizwa ni nani atabaki kituoni, na kama kuna mama mwenye hatari anayekaribia. Swali hilo alilitia mwanzo kabisa, mahali pa neno la siri.

Baraza la kitivo halikufurahi. Mmoja aliuliza watajuaje kwamba mtu haitikii kwa niaba ya mwingine. CT Antoine, ambaye kwa kawaida barazani hulala, alisimama.

"Sauti zao nazijua," alisema. "Na mwenye kuwa na mashaka, nitamutafutia pikipiki aende Wamaza akaone. Matope bado iko."

Hakuna aliyeitaka pikipiki, kanuni ikapita.

Miezi imepita tangu hapo. Stage ya Hidaya imeongezwa, bado hana cheo, na dirisha bado halifungi. Dua ya jioni ikisomwa msikitini mtaa wa kwao, Hidaya humtaja Aurélie kimya kimya pamoja na marehemu wa nyumbani, ingawa Aurélie alikuwa Mkristo na Hidaya hajamuuliza mtu kama inafaa.

Mahudhurio ya kwanza ya Wamaza kwa mtindo mpya yalifika siku ya soko. Hidaya aliyafungua mezani kwake, sauti juu, na safari hii hakusafisha chochote. Alisikia kuku, alisikia mtu akitwanga mbali, alisikia benchi likilia watu wakikaa. Dady aliita majina, na watu wakaitika mmoja mmoja, wengine kwa nguvu kana kwamba Kasongo ni kiziwi. Hidaya alikuwa akiweka alama kila sauti ilipopita.

"Apolline," Dady aliita.

Hakuna aliyeitika. Mchi uliendelea kutwanga. Hidaya aliinua mkono kutoka kwenye kompyuta.

"Mama Apolline haiko hapa na sisi," sauti ya Dady ilisema. "Iko mule ndani. Mama moja alianza uchungu tangu asubuhi. Amesema hatatoka, mumuandike vile munaona."

Kwenye jukwaa palikuwa na visanduku viwili tu, cha aliyepo na cha asiyekuwapo. Hidaya aliweka alama kwenye cha kwanza, akaendelea na jina lililofuata.

CT Antoine alikuwa anapita na chaki zake, akasimama mlangoni.

"Wamaza wako wote?"

"Wote, CT," Hidaya alisema. "Kila mutu iko pahali pake."